Chuma Kinaposhuka

Watu wa Miono hatukuzaliwa na bahari. Kata yetu iko bara, kwenye njia inayotoka Mandera kupita Mkange hadi Saadani, na wazee wetu wa Kizigua na Kidoe walipokaa barazani walizungumza mvua, ufuta, korosho na ngiri waliomaliza mihogo. Samaki wa bahari tulimjua akiwa ng'onda: papa au taa aliyetiwa chumvi akakaushwa, akaletwa gulioni juu ya baiskeli, harufu yake ikimtangulia. Samaki mbichi kwetu alikuwa kambale au perege wa Wami.

Kwa hiyo nilipoanza kupelekwa Saadani kwa mjomba wangu wakati wa likizo, miaka ya 1970, nilikuwa mgeni wa kila kitu, na ugeni huo ulinifaa. Mtoto wa pwani haulizi kwa nini leo maji yamefika kwenye mikoko na juzi yaliishia mbali. Mimi niliuliza. Mjomba alikuwa na nafasi ya kunijibu, kwa sababu hakuwa na ngalawa wala dau. Wenye vyombo wakimhitaji alikwenda nao. Wasipomhitaji alivua akiwa amesimama mchangani, peke yake, kwa chuma.

Chambo chake hakikuwa dagaa, ngisi wala kamba. Kilikuwa kijiko cha kulia wali kilichokatwa mpini, kikatobolewa tundu huku na huku, ndoana ikafungwa upande mmoja kwa waya na mshipi upande wa pili. Alikuwa pia na vipande vya bomba la shaba, amevigonga kwa nyundo mpaka vikawa bapa, ndani amemimina risasi iliyoyeyushwa ili viwe vizito. Kila jioni alivisugua kwa majivu na ndimu. Fimbo na rili hakuwa navyo. Mshipi wa nailoni ulizungushwa kwenye kopo tupu la maziwa. Aliushika mkono wa kushoto, mdomo wa kopo ukitazama bahari, na mkono wa kulia ukakizungusha chuma juu ya kichwa mara mbili tatu, kisha ukakiachia. Kilitoka kikivuma, nailoni ikichomoka kwenye kopo mzunguko baada ya mzunguko, na kikaanguka mbali kuliko jiwe ambalo ningeweza kulirusha mimi.

Samaki aliyemtafuta hasa ni kolekole. Wale wakubwa wa miambani huweza kupita kilo 60, lakini wanaosogea ufukweni ni vijana wa kilo moja, mbili, tatu, wanaotembea kundi na kuwinda dagaa kwa kuwabana dhidi ya nchi kavu. Samaki wa namna hiyo hangoji chambo kinachonuka. Anatazama kinachokwenda. Ndiyo maana chuma kisicho na nyama wala damu kinaweza kumlaghai.

Siku za kwanza nilivuta kwa bidii. Chuma kikigusa maji tu, nakikokota mpaka miguuni, narusha tena. Mjomba alinitazama kwa muda, akasema: "Mpwa wangu, usimkokote kama mbuzi wa mnadani. Mwonyeshe, halafu muachie nafasi aamue."

Alinionyesha. Baada ya kurusha aliacha chuma kizame huku akihesabu kimoyomoyo. Akavuta pima moja kwa nguvu, akasimama. Mshipi ukalegea. Akangoja, akavuta tena, akasimama tena. Samaki alikamata katika kule kusimama. Baadaye sana, nikiwa nimeshasoma vitabu vya uvuvi, nilielewa sababu yake. Chuma kinachovutwa sawasawa kinapita majini kikionyesha nguvu. Kundi zima la dagaa linaonyesha nguvu hiyo hiyo, na mwindaji hapati wa kumchagua. Kikiachiwa, kinayumba, kinapinduka, kinameta upande mmoja na kufifia upande mwingine, na katika kundi lote hicho ndicho kinachoonekana kuishiwa pumzi. Mwindaji wa majini hutafuta aliyechoka.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulijua. Samaki akikamata chuma kinachoshuka, mara nyingi husikii mvuto. Unachosikia ni upungufu: mshipi uliokuwa ukiendelea kutelemka umesimama kabla ya kufika chini, au umelegea mapema kuliko hesabu yako. Asiyehesabu hajui kwamba kitu kimetokea. Mjomba alikuwa na kidole cha shahada juu ya nailoni muda wote. Mshipi ulilegea, kidole hakikulegea. Na samaki akishanasa, ulegevu wote uliisha papo hapo: mshipi ukakazwa na ukabaki umekazwa mpaka wimbi lilipomleta mchangani. Hata hapo palikuwa na adabu yake. Wimbi linaporudi baharini usishindane nalo, maana uzito wa maji ukijumlishwa na uzito wa samaki hukata mshipi au huchana mdomo wake. Shikilia tu. Wimbi lijalo ndilo litakalokubebea.

Lakini kuvuta na kuachia ni nusu tu ya kazi, na ni nusu ya mwisho. Nusu ya kwanza ni kujua usimame wapi na lini, na ufukwe wetu hauna huruma kwa asiyejua. Kati ya mlango wa Ruvu na mlango wa Wami, na kupanda hadi Saadani, bahari ni ya kina kifupi na yenye tope. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na yakipwa huacha mchanga na matope mapana ambayo chuma hakiwezi kuyavuka. Ukifika saa hiyo utavua magugu.

Mjomba hakuwa na jedwali la maji, ila alikuwa na mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, na katika pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kila siku inayofuata hujaa baadaye kwa kiasi cha dakika 50. Piga hesabu: siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, maji yanajaa wakati jua linapochomoza na linapozama. Hapo mambo mawili yamekutana, maji mengi karibu na nchi na mwanga hafifu anaoupenda mwindaji. Mjomba alikuwa ameshafika pale kabla maji hayajafika kikomo, lakini saa aliyoingojea ilikuwa ile ya kwanza ya kupwa, wakati maji yanapotoka kwenye mikoko na kuwatoa vidagaa waliojificha kwenye mizizi. Kolekole hukaa nje ya vijito hivyo wakingoja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hakuhangaika. Alishona nyavu za watu.

Kisha rangi ya maji. Wami huleta udongo mwekundu kutoka bara, na mahali unapokutana na maji ya bahari huonekana mstari: huku kahawia, kule kijani. Mjomba alirusha chuma upande wa kijani, akakivuta mpaka kwenye mstari, akakiachia hapo hapo. Mwindaji hujificha kwenye giza la maji ya mto na kuchungulia penye mwanga. Maji yakiwa machafu alitumia shaba. Yakiwa safi, kijiko cheupe. Miezi ya masika hakurusha kabisa, kwa kuwa mto unachafua bahari mpaka mbali. Kusi likivuma kwa nguvu, mawimbi huchafua ufukwe na upepo hurudisha mshipi usoni. Wakati wake ulikuwa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inapotulia na maji kuangaza. Na kaskazi au kusi, mlangoni mwa Wami hakusimama majini magharibi ikiingia. Kiboko na mamba wa mto ule hawasomi mstari wa maji.

Katikati ya miaka ya 1980 nilipata nafasi ya kusoma Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, katika chuo cha uvuvi kilichojengwa na kuendeshwa kwa msaada wa Norway na ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Tulifundishwa injini, nyavu, barafu, ramani na sheria. Uvuvi wa mtu aliyesimama mchangani na kopo la maziwa haukuwemo kwenye mtaala. Ila mwalimu mmoja Mnorwei alikuwa na sanduku lake dogo, na siku moja alilifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na kijiko cha Toby, chuma cha kampuni ya ABU ya Uswidi, kirefu, chembamba, kimepinda kidogo kichwani na mkiani. Nilikishika nikaona mpindo wa kijiko cha mjomba.

Mwalimu alisema kwao chuma hicho ni cha samoni. Tulimuuliza samoni ni nani. Akatueleza samaki anayezaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi mto ule ule kuzaa. Akishaingia maji baridi haendelei kula, na bado chuma kikipita mbele yake anaweza kukiuma. Mmoja wetu akauliza: kama hana njaa, anauma kwa nini? Mwalimu akacheka, akasema wavuvi wa kwao wanabishana jambo hilo tangu enzi za babu zao. Kutoka kwake nilijifunza kukichagua chuma kwa umbo. Kinene chenye uzito mkiani huruka mbali na kuupasua upepo, lakini huzama haraka na kucheza kidogo. Kipana chembamba hakifiki mbali, ila kinaposhuka huyumba kila upande. Chenye uzito katikati hulala ubavu na kutetemeka njia nzima. Basi kabla ya kuuliza kipi kizuri, uliza leo upepo ukoje, samaki wako umbali gani, na maji yana kina gani.

Samoni mwenyewe nilikutana naye nikiwa mtu mzima, Agosti 2013, nilipokwenda kumtembelea binti yangu Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Kuna aina inayoitwa samoni wa waridi, mdogo kuliko samoni wenzake wote wa Pasifiki, kilo mbili hivi. Maisha yake ni miaka 2 kamili, na katika mito ya Puget Sound hurudi kwa wingi miaka isiyogawanyika kwa mbili. Kwa hiyo 2013 ulikuwa mwaka wao. Binti yangu alinipeleka Browns Point, rasi iliyo ng'ambo ya maji kutoka bandarini, mahali samoni wanapopita wakielekea Mto Puyallup.

Sikuwahi kuona uvuvi wa namna ile. Watu walisimama bega kwa bega, wazee, wanawake, vijana, Wafilipino, Warusi, Wamarekani wa kila rangi, na kila mtu akirusha kwa zamu ili mishipi isivukane. Ukirusha nje ya zamu, mstari mzima unakugeukia. Karibu wote walitumia vyuma vidogo vya rangi ya waridi. Kilichopendwa sana kilikuwa Buzz Bomb, kipande cha risasi chenye pembe, kilichotobolewa katikati ili mshipi upite ndani yake, na kilichobuniwa kwa kazi moja tu: kuzunguka na kutetemeka kinaposhuka.

Mzee mmoja Mfilipino aliyekuwa kushoto kwangu aliniona nikivuta kwa kasi ya kolekole. Hakusema kitu. Alinionyesha kwa mkono: polepole, inua fimbo, shusha, ngoja. Nikapunguza mwendo kuliko nilivyowahi kufanya Saadani, nikazidisha kungoja. Mshipi ukasimama kabla ya hesabu yangu. Nikakaza. Nilipomleta samaki yule kwenye kokoto, alikuwa mweupe wa fedha, madoa meusi mgongoni, na chuma kimemshika pembeni mwa mdomo, sawa kabisa na kolekole wa mlangoni mwa Wami. Samaki hawa wawili hawatakutana kamwe. Mmoja ni mwindaji mwenye njaa wa bahari ya joto, mwingine ni msafiri wa bahari ya baridi ambaye tumbo lake linajiandaa kufunga kazi. Wote wawili walipuuza chuma kilipokwenda, wakakikamata kiliposhuka.

Huko pia niliona mambo mawili niliyoyabeba nyumbani. Kila aliyepata samoni alitoa kadi mfukoni na kumwandika papo hapo, kabla ya kurusha tena. Na kwa sheria ya maji yale, ndoana ya samoni haina kile kijino cha nyuma kinachoizuia kuchomoka. Ndoana ya hivyo humtoa samaki kwa urahisi, ukitaka au usitake. Ukilegeza baada ya kumnasa, amekwenda. Kwa hiyo ndoana isiyo na kijino ilinifundisha upya kile kidole cha mjomba: ulegevu una wakati wake, na wakati huo huisha ghafla.

Kazi yangu yote nimeifanya kama bwana samaki katika vijiji vya pwani, na mara nyingi nimejikuta nikifikiria vyuma vile nikiwa mbali na maji. Chukua kokoro, wavu unaokokotwa ufukweni na kuzoa kila kitu hadi mayai ya samaki na majani ya bahari. Umepigwa marufuku, na mabwana samaki wengi tulipewa jukumu la kuukomesha. Unaweza kuingia kijijini na askari, ukakusanya nyavu na kuzichoma, ukaondoka. Wiki inayofuata nyavu nyingine zinakokotwa usiku. Penye mafanikio niliyoyaona, hatua zilikuwa ndefu zaidi. Unakwenda barazani, unaeleza, unaonyesha vidagaa na vitoto vya changu vilivyokufa bure ndani ya wavu mmoja. Halafu unaondoka, unawaachia wiki kadhaa wabishane wenyewe, mama lishe na mchuuzi na mwenye wavu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilipotambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ilitoa nafasi rasmi kwa mabishano hayo. Vikundi vilivyodumu ni vile ambavyo wanakijiji walivikamata wenyewe. Lakini kuondoka kwangu hakukuwa kutoweka. Nilirudi siku niliyosema nitarudi, na nilikuwa nimehesabu.

Hata hivyo, ukilichukua somo hili jumla utaumia. Nguru hataki kuachiwa. Akiingia karibu, kama anavyofanya wakati mwingine penye maji safi na yenye kina, anataka chuma kinachokimbia juu juu bila kusita, tena kiwe kimefungwa kwa waya, maana meno yake hukata nailoni bila wewe kusikia. Ukimlegezea, anakipita chuma chako na kwenda zake. Na katika kazi yangu palikuwa na nguru pia. Baruti ilikatazwa tangu 1970, ikaendelea kulipua miamba yetu kwa miongo, na kilichoipunguza mwishoni mwa miaka ya 2010 kilikuwa msako usiosita, wa polisi, wanamaji na mahakama kwa pamoja. Anayelipua mwamba hahitaji nafasi ya kuamua, kwa kuwa mlipuko mmoja unaondoa kile ambacho wengine wangeamua juu yake. Ujuzi, basi, hauko kwenye kuachia peke yake. Uko kwenye kumtambua uliye naye kabla hujarusha.

Siku hizi vijana wa Miono hufika Saadani kwa bodaboda, mgongoni wana fimbo zilizonunuliwa Kariakoo, mfukoni vyuma vyenye macho ya kuchorwa na magamba ya kumeta. Wananipigia simu kuniuliza wanunue chuma gani. Huwajibu hivi. Nunua kimoja tu, cha gramu 30 hivi, chenye uzito katikati, na kibonyeze kijino cha ndoana kwa koleo. Pitisha vidole kwenye mshipi wa mwisho kabla ya kila safari. Ukiukuta una mikwaruzo, kata, funga upya. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kwa hiyo ndani ya mipaka yake ruhusa ya TANAPA kwanza, na usitembee ufukweni peke yako alfajiri, maana tembo na simba nao huja kutazama bahari. Nenda siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, katika kaskazi. Fika saa moja kabla maji hayajajaa, ukae chini utazame. Ukiona membe wanapiga mbizi mahali pamoja, rusha mbele ya wanakoelekea, si katikati yao. Hesabu. Vuta pima moja, acha kishuke, kidole kikiwa juu ya mshipi.

Na kolekole wako wa kwanza akiwa na urefu wa kiganja, mrudishe. Ndoana haina kijino, atatoka bila jeraha kubwa, na kaskazi ijayo atakuwa wa kitoweo.